Turubai la Mwalimu Harub

Mwalimu Harub alisomesha sayansi Nizwa miaka ishirini na mbili, na somo alilolipenda kuliko yote ni lile la namna joto linavyohama. Ndiyo maana Januari ya mwaka 2004 alijiona kichekesho.

Alikuwa amemtoa mamake Sur, kwenye joto la pwani, aje kukaa naye. Bi Mabruka aliiogopa baridi ya Nizwa, na Harub akamwapia kuwa hatoisikia, kwani alishanunua kiyoyozi kinachotoa moto pia. Alikisifu hata kwa watu wa msikitini ambao hawakumuuliza.

Siku ya tatu kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa baridi. Harub alifanya yote anayoyafanya mtu mwenye elimu: alibonyeza rimoti, akabadilisha betri, akakipiga kofi ubavuni, akamlaani aliyekiunda. Mama alijifunika mablanketi matatu na bado meno yakimgongana. Siku ya nne akaomba kwa upole arejeshwe Sur Ijumaa. Harub aliumia moyo, maana alijua mama akiondoka safari hii harudi tena.

Akampigia simu Thani, fundi wa Samail, ambaye zamani Harub mwenyewe alimfelisha sayansi mara mbili. Thani alipofika alikwenda uani, hakukaa hata dakika tano, akarudi na turubai kwapani. Punde chumba kikaanza kupata joto.

"Ustadhi, mashine ya nje ndiyo inayovuta joto na kulileta ndani. Nani kaivika hili?"

Kila baridi ikiingia, mtaa mzima huzima viyoyozi na kuzifunika mashine za nje zisiingie vumbi. Harub naye, kwa mazoea, siku ya pili tu ya ugeni wa mama alikuwa ameifunika na kuikaza kwa kamba, tena akajipongeza. Sasa akatafuta wa kumsingizia. Akaufikiria hata upepo.

"Nimeifunika mimi," Bi Mabruka akasema kutoka kitandani.

Mwaka wa pili huo mama hawezi kuinua mkono kujifunga mtandio wake. Thani akatazama chini. Harub alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni, na mapenzi pamoja nayo, asijue kipi kinamchoma zaidi.

"Mama ananisitiri tu, Thani. Ni mimi."

"Basi mie siendi Sur," mama akasema, akilisukuma blanketi la juu. "Nyumba hii haiwezi kuachiwa wewe peke yako, mwanangu."