Siku Niliyoikosoa Nyumba Yangu Mwenyewe

Hii aibu nimekaa nayo vya kutosha, wacha niitoe, mcheke mmalize. Mimi naishi Kitui mjini lakini nina nyumba ya kupangisha kule Matiliku, na ilikuwa imekaa tupu tangu mvua ya mwaka jana. Anayeniangalizia ni Mama Kyalo, jirani mwenye duka, ambaye tulijuana kwa simu tu. Kila mwezi ananiambia nyumba itengenezwe na fundi anayemjua ndio ipate mtu, na kila mwezi namwambia nyumba iko sawa, atafute mpangaji (nilikuwa na hakika huyo fundi anayemsifu ni shemeji yake).

Basi nikaamua niende bila kumwambia, nijifanye natafuta nyumba, nijionee ukweli. Nikamkuta anamwonyesha mwalimu mmoja wa kike aliyehamishiwa shule ya hapo, nikaingia nao. Ningenyamaza, leo singekuwa na la kusimulia. Lakini mimi mbele ya kitu cha kulipia mdomo hujifungua wenyewe, hata nyanya sizipiti bila kuzitafutia kasoro, kwa hivyo nikaanza: bati limetoboka, mlango wa jikoni haufungi, sakafu ina nyufa tisa (nilizihesabu mara mbili), mchwa wamekula fremu ya dirisha, na choo kimeinama kama mtu anayesikiliza umbea. Nikaongeza kwamba hata mbuzi wangu akilala hapa, asubuhi atanidai fidia. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni wanacheka, nami nikazidi kupanda, nikataka kodi ishuke nusu.

Mama Kyalo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Baba Mwende," akasema polepole, "hiyo sauti naijua. Si ni wewe hunipigia ukisema nyumba iko sawa?"

Nikakohoa. Kumbe mwalimu muda wote alikuwa anaandika kwenye daftari.

"Basi tumeelewana, mwenye nyumba," akaniambia. "Ukitengeneza yote uliyotaja, nahamia. Na kodi ni hiyo nusu yako, hawa ndio mashahidi."

Nilitengeneza. Ningebishana na nani, na kila hoja imetoka kwangu? Kodi niliipandisha kidogo, tena kwa kuomba. Lakini kujifanya mpangaji, sirudii: kazi hiyo naiweza mno, na mwenye nyumba wangu hana la kunijibu.