Kikapu cha Jirani Yangu

Katika mashamba ya chai ya Kericho tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alipokwenda kunyonyesha, jirani yake wa mstari alimchungia kikapu. Uliacha majani yako kwenye foleni ya banda la kupimia, ukakimbia hadi kituo cha watoto, ukarudi ukakuta kikapu kimesogezwa mbele. Hakuna aliyeshukuru wala aliyengoja kushukuriwa.

Mwaka ninaousema, miaka ya tisini, mimi ndiye niliyemchungia jirani yangu. Mistari yetu ilipakana shambani na milango yetu ilipakana kambini. Yeye alitoka upande wa ziwa, mimi kwetu ni karibu na Litein, kwa hiyo tuliombana chumvi kwa Kiswahili. Alikuwa mjane mwenye utani mwingi. Alikuwa na binti wa darasa la nane katika shule ya kampuni, na mwingine wa miezi mitano. Tena alikuwa akituandikisha katika chama cha wafanyakazi, kimyakimya, kwa sababu kilo za siku zilikuwa zimeongezwa bila sisi kuulizwa. Mgomo ulipangwa palepale kwenye foleni, mdomo kwa sikio.

Jumapili moja nyapara alinifuata baada ya ibada. Alikuwa mtu wa kwetu, tena wa kanisa letu. Alinisalimia "Chamgei" kwa uchangamfu, halafu akahamia Kiswahili, lugha aliyoitumia akitaka kuonekana mtu wa ofisi.

"Huyo jirani yako ako na barua mbili za onyo," alisema. "Ya tatu ikikuja, anaenda. Shida ni hiyo kuchuna yake. Anachuna safi sana."

"Sasa mimi nifanye nini, mzee?"

"Si ni wewe unamchungia kikapu?" Akatazama viatu vyake. "Huko kituo ya watoto wanatafuta mama wa kusaidia. Ni kazi ya ndani. Huko hakuna kunyeshewa."

Ningependa kusema kwamba alinitisha. Wengine aliwatisha kweli, na ningejificha nyuma yao vizuri sana kama ningetaka. Lakini mimi hakuhitaji kunitisha. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, vidole vyangu vilikuwa vimepasuka, na niliitaka kazi ile. Kulikuwa na baya zaidi. Nilijiambia kwamba huyu ana kwao, basi arudi kwao. Maneno hayo yalikuwa kila mahali miaka ile, nami niliyaokota nikayatumia kama yangu.

Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi lake. Jani la chini ya hapo ni gumu, na kiwanda hakilitaki. Jumanne nilichuna konzi tatu za majani magumu, pamoja na vijiti, nikayaficha ndani ya aproni yangu ya plastiki. Mchana tulipofika bandani, jirani yangu alitua kikapu chake akasema kama kawaida, "Jirani, niangalilie hapo." Akaenda kunyonyesha. Niliyasukuma hadi katikati ya kikapu, si juu, maana juu angeyaona akayatoa. Kisha nikakisogeza mbele, kama desturi.

Zamu yake ilipofika, karani alimwaga kikapu mezani akaanza kuchambua. Jirani yangu alicheka, akidhani kimeletwa kikapu cha mtu mwingine. Kisha akaona kitambaa chekundu alichokifunga kwenye mkanda wa kikapu kuwa alama yake, akanigeukia.

"Jirani, kuna mtu alikuja hapa?"

"Mimi sikuona mtu," nikasema.

Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa. Nimeona haya kwa mambo mengi maishani, lakini sijaona haya kama ninavyoona kwa sauti ile.

Barua ya tatu ilitoka kesho yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo alipewa siku mbili ahame. Mtihani wa binti yake ulikuwa umebakiza wiki tano. Sijui kama aliufanya. Sikuwahi kuuliza, na watu waliokuja baadaye kutoka kwao niliwapa chai nikawauliza habari za mvua.

Asubuhi ya kuhama, kambi nzima ilifunga milango. Nyapara alisimama njiani na daftari kwapani, na kila mtu alijua atakayesaidia ataandikwa. Mimi nilikuwa nimekaa ndani. Nilimsikia jirani yangu akiburuta kitanda peke yake, akitua, akiburuta tena, huku mtoto akilia mgongoni. Nikashindwa. Nilitoka nikashika upande wa pili, tukakibeba hadi barabarani, tukarudia masufuria. Nyapara alinikodolea macho kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Haukuwa ujasiri, ni makelele ya kile kitanda yaliyonitoa. Tulipomaliza, jirani yangu alinishika mkono.

"Mungu atakulipa, jirani," akasema.

Niliinama nikapanga upya masufuria yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Mgomo ulikufa, kwa kuwa aliyewajua wote waliojiandikisha alikuwa ameondoka. Kazi ya kituo cha watoto alipewa shemeji yake nyapara, nami nikabaki na mvua yangu. Tamaa mbele, mauti nyuma, na hata hivyo mauti hayo yalimpata mwingine.

Mwaka uliofuata chama kilipata nguvu tena, tukaitwa kuchagua mwakilishi wetu. Mzee mmoja wa kupalilia alisimama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Kwa hivyo tuchague mtu tumemjaribu. Huyu mama alibeba kitanda mchana, nyapara akiona. Sisi wengine tulikuwa wapi?"

Mwanamke aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kule Litein akaongeza kwamba ametumwa kutoka upande wa ziwa. Jirani yangu alikuwa amesikia habari za uchaguzi, akasema wanichague mimi, kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye hakumkimbia.

Mikono ikapanda. Nilisimama nikiwa nimeamua kusema yote. Nilikuwa hata na sentensi ya kwanza mdomoni. Wakapiga makofi, nikangoja yaishe, na yalipoisha nikasema, "Asanteni."

Nilikuwa mwakilishi kwa miaka sita. Kila mwanamke aliyepewa barua kwa sababu ya majani magumu alikuja kwangu kwanza, nami niliingia ofisini nikaonyesha jinsi yanavyoweza kutiwa katikati ya kikapu na mtu mwingine, yanashikwaje na yanasukumwa vipi. Wengi walirudishwa kazini. Walisema hakuna mtetezi anayeijua kazi yake kama mimi.