Mlio wa Gia ya Pili

Pikapu ya baba ilikuwa na giaboksi inayolia. Gia nyingine zilinyamaza, lakini ukiingiza ya pili ilianza sauti nyembamba iliyopanda kila ulipokanyaga mafuta. Baba alikuwa dereva wa malori jeshini. Alipostaafu alinunua gari hilo la dizeli likiwa tayari zee, akawa anapakia mizigo kati ya Arua na Koboko, na hakutaka fundi yeyote auguse ule mlio. Alisema haoni ubaya wa gari linalopiga hodi.

Nyumba yetu ya Koboko iko ndani kidogo, mbali na lami, na kona ya kuingilia huwezi kuikata ila kwa gia ya pili. Basi mama alimsikia baba kabla ya kumwona. Aliacha alichokuwa anafanya, akabandika birika, akafungua leso ya kichwani na kuifunga upya, akaivuta pembeni hadi ikae sawa. Baba alipoingia uani alimkuta ametulia tuli, utadhani hakuwa akimsubiri mtu. Sisi watoto tulikuwa tunacheka chini chini.

Baba alipofariki, pikapu ilibaki kwangu, binti yake. Kaka zangu wanapenda magari mapya. Mimi napenda kubishana, hata na gari. Ninakaa Awindiri, mjini Arua, nauza nafaka, na Jumamosi nampelekea mama mahitaji yake. Nikikata kona, mlio. Nikiegesha, birika linafuka na leso imefungwa upya. Nilijua fika kwamba hakuwa akijipamba kwa ajili yangu, na sikuwahi kumtania kwa hilo, mimi ninayemtania kila mtu. Nilichofanya ni kukanyaga mafuta zaidi kidogo pale kwenye kona, ili asikie vizuri.

Mwaka jana gia ya nne ilianza kuruka, nikawa naishikilia kwa goti. Kisha siku moja, nikitoka Adumi na magunia ya maharage, gia zote ziligoma. Gari lilivutwa kwa kamba hadi gereji mjini.

Fundi wangu ni mtu wa maneno mengi. Alifungua giaboksi, akachovya kidole kwenye oili, akanionyesha vipande vya chuma.

"Meno imekwisha, mama. Na ya modeli hii haiko tena. Lakini mimi iko na moja ya gari ingine, ile ya familia. Injini ni ndugu."

Alinieleza kwamba hiyo nyingine ina gia tano na ni ndefu zaidi. Angekata sakafu, maana mkono wa gia ungetokea nyuma zaidi, na angefupisha propela shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamuuliza kama angeweza kuitengeneza ile ya zamani na kuuacha ule mlio.

"Mama, wewe nataka mugonjwa ipone lakini iendelee kukohoa?"

Gereji nzima iliangua kicheko. Nilimwambia ashughulike na spana zake, nikaenda kusimama nje. Machozi yalikuwa yamenijaa na sikutaka wayaone.

Alifanya kazi safi, sina la kumlaumu. Jumamosi iliyofuata nilishika njia ya Koboko, na kila nilipotaka kubadilisha gia mkono wangu ulikwenda mahali pa zamani ukashika hewa. Nilipofika kwenye kona niliingiza ya pili, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ilinguruma, kama injini yoyote. Kwingine kote kulikuwa kimya, na nilimkumbuka baba kuliko hata siku ya mazishi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akipepeta mbegu za simsim, leso begani, kichwa wazi. Sikujua kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe kiasi kile. Aliinua uso akashtuka.

"Wewe nakuja na mguu?"

Nilimwonyesha gari. Nikamweleza habari ya giaboksi, meno yaliyokwisha, ile ya gari la familia. Aliniambia nirudi mpaka kwenye kona, nije tena polepole. Nilitii. Nilirudi, nikageuza, nikaja kwa gia ya pili, dirisha wazi, nikiomba hata kakelele kadogo. Nilipoingia uani alikuwa amesimama palepale, kichwa ameinamisha upande mmoja, leso bado begani.

"Inaenda muzuri," alisema. Akapitisha kiganja kwenye boneti, akaliangalia vumbi. "Lakini sasa iko gari tu."

Akarudi kwenye simsim yake. Maji ya chai nilibandika mwenyewe.