Oili Inayopanda

Kalinga aliuona moshi kabla hajaiona mashine yenyewe. Lori lililomchukua Mbeya mjini lilikuwa linapanda milima ya kwenda Chunya kwa gia ya kwanza, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala mabondeni. Kule juu, mahali barabara mpya ilipokuwa ikichongwa ubavuni mwa mlima, lilitanda wingu jingine, jeupe lenye rangi ya majivu ndani yake. Halikupaa. Lilitambaa chini chini na kumwagikia korongoni.

"Hicho ndicho Kijiko chenyewe," dereva wa lori alisema. "Kila asubuhi kinavuta hivyo."

Kalinga alishusha kioo akanusa. Harufu ya dizeli mbichi ilimchoma puani. Alipandisha kioo tena.

Alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mazoea ya kusimama kando ya injini kwa muda mrefu kabla hajaigusa. Ufundi wa dizeli aliupata jeshini, katika karakana za Kenya na baadaye Burma, na tangu arudi vitani alikuwa katika gereji moja ya Iringa. Safari hii, Oktoba ya mwaka 1955, aliazimwa kwa wiki mbili na kampuni iliyopewa kazi ya kupanua barabara. Alikubali upesi kwa sababu mwendeshaji wa mashine ile alikuwa shemeji yake, Yotamu, Msafwa aliyemwoa Marta, mdogo wake Kalinga.

Kijiko kilikuwa mashine ya magurudumu yenye beseni kubwa la chuma mbele, la kuzolea kifusi na kukipakia kwenye malori. Kampuni ilikinunua mnadani, kikiwa kimeshachoka. Rangi ya manjano ilikuwa imebanduka, na bomba la moshi lilikuwa limejaa masizi kama chungu cha zamani.

"Hakina nguvu, shemeji," Yotamu alimweleza walipokwisha kusalimiana. "Mwezi wa nane kilikuwa kinajaza beseni kwa kusukuma mara moja. Sasa nikikisukuma kwenye kifusi kinalia tu, moshi mweusi tii. Nikikiacha kikinguruma bila kazi, moshi unakuwa wa buluu. Asubuhi ndiyo umeuona mwenyewe."

"Oili unaongeza kila baada ya siku ngapi?"

Yotamu akatabasamu. "Hapo ndipo kinanishangaza. Sijaongeza tangu Agosti. Mashine kuukuu, lakini hainywi oili kabisa. Msimamizi, Bwana Mrisho, anaisifia hilo."

Kalinga alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Ilitiririka kwenye kijiti kama maji. Aliinusa, akaisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ilinuka dizeli.

Oili haipandi yenyewe. Ikipanda, kuna kitu kinaingia.

Aliomba injini iwashwe, kisha akaanza kulegeza mabomba ya chuma ya dizeli, silinda moja baada ya nyingine. Ya kwanza alipoilegeza, injini ilichechemea. Ya pili vilevile. Ya tatu alipoilegeza, mlio haukubadilika hata kidogo; silinda ile ilikuwa haifanyi kazi, ilikuwa inapokea chakula bila kukila. Aliifungua nozeli yake, mdomo wa kunyunyizia dizeli, akaiunganisha na bomba lake nje ya injini, akamwambia Yotamu azungushe. Badala ya kutoa ukungu mwembamba wa dizeli, nozeli ilidondosha matone mazito, tone juu ya tone. Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari ya dizeli: ilidondoka kwenye silinda, ikaosha kuta zake, ikapenya kwenye ringi za pistoni zilizolika, ikashuka chini kuchanganyika na oili.

"Nozeli inavuja," alimwambia Yotamu, na hakumwambia zaidi.

Zaidi alikwenda kumwambia Bwana Mrisho hemani. Mrisho alikuwa mtu wa mjini Mbeya ambaye babu zake walitoka pwani, mpole wa maneno, mwenye kofia safi hata katikati ya vumbi. Alimkaribisha chai.

"Bwana Mrisho, kukosa nguvu si neno," Kalinga alisema. "Neno ni hiyo oili. Imekuwa nyepesi na imezidi. Siku moja itapanda yenyewe kwenye silinda, na injini itaanza kuichoma. Ikifika hapo haitaki tena dizeli yako. Utafunga dizeli, nayo itazidi kukimbia, mpaka iishe oili au ipasuke. Niliiona Burma. Ilikuwa injini ya kuzalishia umeme. Mtu aliyekuwa karibu nayo tulimfunika kwa turubai."

Mrisho alizungusha kikombe chake. "Dawa yake?"

"Nozeli mpya. Itoke Nairobi. Wiki mbili, labda tatu."

"Toka nje nikuonyeshe."

Walisimama ukingoni. Upande wa juu lilikuwako lundo la kifusi ambalo halijazolewa, refu kama nyumba mbili, limekaa juu ya mteremko. Chini yake, karibu na kijito, palikuwa na mahema ya vibarua hamsini.

"Mvua ya kwanza ikinyesha, lile lote linashuka," Mrisho alisema.

"Hamisha mahema."

"Nikihamisha mahema napoteza siku tatu, na bwana mkubwa wa kampuni anafika Jumamosi kuona barabara imefunguka. Nimeshamwandikia kwamba itafunguka. Nisaidie, fundi. Siku nne tu."

Siku ya kwanza Kalinga alifanya alichojua ni salama. Alimwaga oili yote, akatia mpya, akaiondoa nozeli ya tatu kazini na kuielekeza dizeli yake kwenye debe. Kijiko kikatembea kwa silinda tatu kati ya nne, kikitetemeka kama mgonjwa wa homa, kikizoa nusu beseni. Hadi jioni lundo lilikuwa halijapungua kwa macho. Upande wa Usangu mawingu yalikuwa yamejaa, meusi chini, na radi ilisikika mbali, mara moja tu.

Asubuhi ya pili Mrisho alikuja mwenyewe pale kwenye mashine. Hakuamuru. Aliuliza tu kama haiwezekani kuirudisha ile silinda, na oili ikamwagwa kila asubuhi na kila adhuhuri, isipate nafasi ya kuharibika. Kalinga alifikiri. Kwa hesabu ya ufundi ilikuwa inawezekana. Alitazama mahema, akatazama mawingu, akachukua spana akaifunga nozeli mahali pake.

Yotamu alikuwa amesimama kando yake. "Imepona?"

"Itasogea siku mbili tatu."

Hapo ndipo angemwambia. Alijua tangu wakati ule, na alijua maisha yake yote yaliyobaki, kwamba hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini alimjua shemeji yake: Yotamu angeshuka kwenye kiti na asingepanda tena, na kazi ingesimama. Kwa hiyo alijifuta mikono akanyamaza.

Siku ya pili ilipita vizuri. Siku ya tatu lori la kuleta oili kutoka Mbeya halikufika, lilikwama njiani. Adhuhuri Kalinga alipima. Oili ilikuwa imepanda tena, nyepesi, yenye joto. Oili mpya haikuwapo. Alifungua kizibo cha chini akapunguza iliyozidi mpaka ikarudi kwenye alama, akajiambia kwamba ikiwa kwenye alama haiwezi kufanya kitu. Unene wake hakutaka kuufikiria. Lundo lilikuwa limebaki robo.

"Vipi, shemeji?" Yotamu aliuliza kutoka kitini.

"Endelea," Kalinga alisema.

Mambo yalitokea kabla ya saa tisa. Yotamu alikuwa ameinua beseni lililojaa, malori mawili mbele yake, na vibarua sita wakisawazisha ardhi kwa majembe kati ya magurudumu na ukingo. Mlio wa injini ukabadilika. Ulipanda taratibu, kama mtu anayepandisha sauti katika ugomvi, halafu haukuacha kupanda. Kalinga alimwona Yotamu akiondoa mguu kwenye mafuta, akamwona akivuta kizimio. Injini haikusikia. Moshi mweupe ulitoka kwa wingi mpaka malori yakapotea ndani yake.

"Ruka!" Kalinga alipiga kelele huku akikimbia.

Yotamu hakuruka. Mguu mmoja alikuwa ameukandamiza kwenye klachi na mwingine kwenye breki, kwa sababu mbele yake, ndani ya moshi ule, walikuwamo watu, na kama angeachia, mashine ingewasukumia korongoni. Alikuwa anawaita waondoke, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kalinga alivua koti lake akalikunja, akapanda kwenye gurudumu, akaligandamiza kwenye mdomo wa bomba la hewa ili injini ikose pumzi. Bomba lililifyonza koti kwa nguvu iliyomvuta mikono. Mlio ukaanza kushuka. Halafu likasikika pigo moja zito, na ubavu wa injini ukafunguka.

Kimya kilichofuata kiliwafanya watu wote wasimame walipokuwa. Oili nyeusi ilimwagika kwenye mchanga. Vibarua sita walikuwa wazima. Yotamu alikuwa bado kitini, mikono kwenye usukani, anatazama goti lake la kulia kama kitu cha mtu mwingine. Kipande cha chuma kilikuwa kimepita hapo.

Katika hospitali ya Mbeya walimkata mguu juu ya goti. Mvua ilinyesha Alhamisi iliyofuata. Kifusi kilichobaki kilishuka, kikafukia mahema manne, lakini watu walikuwa wameshaondolewa. Bwana Mrisho ndiye aliyewaondoa, siku ileile ya ajali, bila kumwuliza mtu.

Marta alikuwa anafua bandeji nyuma ya wodi Kalinga alipomwendea.

"Kamwene, kaka," alimsalimu kwa Kihehe bila kuinua kichwa.

Kalinga alichuchumaa, akamwambia yote: oili, Burma, neno alilomwambia Mrisho na neno ambalo hakumwambia Yotamu. Marta aliendelea kufikicha. Alipomaliza bandeji ya mwisho aliikamua, akaianika kwenye kamba, akainyoosha ncha zake.

"Mrisho ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia."

"Mume wangu hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Anakusifu humo ndani. Anasema shemeji yake alipanda kwenye moshi kumwokoa." Alijipangusa mikono. "Nenda ukamwambie sasa. Usiniachie mimi nilale na jambo hili kitanda kimoja naye."

Alikwenda. Yotamu alimsikiliza mpaka mwisho, macho darini. Hakumtukana. Aliuliza swali moja tu: kama angeambiwa siku ile ya nozeli, Kalinga anadhani yeye angefanya nini?

"Ungeshuka," Kalinga alisema.

"Si kweli," Yotamu alisema. "Ningewahamisha vibarua kwanza, halafu ningepanda. Lakini ningejua ninapanda nini."

Akageuza uso ukutani. Kalinga alikaa kwenye benchi mpaka muuguzi alipomwambia wakati wa wageni umekwisha, na asubuhi akapanda basi la kurudi Iringa, bila koti, madirisha yakivuja mvua njia nzima.