Nilivaa koti la mashindano kinyume, sasa mkono wangu haushiki mkasi

Wakuu, mimi ni fundi cherehani na nilivaa nguo kinyume. Nianze hapo hapo, mwenye kucheka acheke mapema tuendelee.

Wakubwa shikamooni, wenzangu salama? Chumvi sitaongeza. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, na kila herufi ya uongo ingenichosha bure.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Nyarubungo, Biharamulo. Cherehani iko barazani, migomba iko nyuma ya nyumba, choo hatua ishirini. Mtu kama mimi safari ya nini? Hata nyuzi na vifungo nilikuwa nawaagiza wanaokwenda Nyakanazi. Mke wangu Konsolata husema akitaka nitoke nje itabidi achome nyumba.

Sasa huyo Konsolata ana kaka yake, Ezekieli, fundi wa kuchomelea pale Nyakanazi.

Shemeji alitengeneza kitanda cha chuma chenye tairi moja, akakifunga ubavuni mwa pikipiki yake upande wa kushoto. Wenye lugha yao wanaita sidecar. Sisi tuliita kitanda tu. Hakina kiti wala ukuta, ni bati la chini na mabomba mawili ya kushika.

Alikuwa ameona kwenye simu video za wazungu wakishindana na vitu hivyo. Dereva anaendesha, abiria anahangaika. Kona ya kushoto abiria anajitupa nje kushoto. Kona ya kulia anapanda nyuma ya dereva na kuning'inia kulia, mwili karibu uguse chini. Asipofanya hivyo, chombo kinapinduka. Yaani abiria ndiye jiwe la mizani.

Vijana wa bodaboda wa Nyakanazi na wenzao wa Ngara wakapatana kushindana siku ya sikukuu, barabara ya vumbi upande wa Nyamigogo. Vitanda vitatu, raundi moja.

Wiki moja kabla, abiria wa shemeji akakatazwa na mama yake. Mama mwenye akili sana yule, Mungu amtunze.

Shemeji akaja kwangu.

"Shemeji, wewe mwepesi, halafu kazi yako ni kukaa. Na hii nayo ni kukaa."

Nikamwambia mimi hata baiskeli naiogopa.

Hakubishana. Akafungua mfuko, akatoa koti.

Wakuu, hapo ndipo niliponunuliwa.

Lilitoka kwenye belo la mitumba. Ngozi halisi, nzito, si lile la plastiki linalobanduka likipigwa jua. Nimeshona miaka kumi na minne, sijawahi kushika mshono kama ule. Mistari mitatu, imelala sambamba kama reli. Mgongoni ndani yake kulikuwa na gamba gumu kama la kobe. Mabegani na kwenye viwiko, sponji nene ngumu zimeingizwa kwenye mifuko yake. Ndani ya mkunjo wa mkono, pale unapokunjia, wameweka kitambaa chepesi cha kuvutika ili mkono ukunjike.

Nikalipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikasema nitakwenda.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe.

Huku kwetu bodaboda anavaa koti kinyume. Zipu inakaa mgongoni, mgongo wa koti unakaa kifuani. Ni kwa ajili ya upepo, maana asubuhi ukitoka Ngara kuja huku baridi inapita kwenye zipu inakaa mbavuni. Wote wanavaa hivyo, hakuna anayeuliza.

Shemeji akaniambia, "Geuza, vaa kinyume. Upepo wa kitandani si mchezo."

Nikageuza. Konsolata akanifunga zipu mgongoni.

Gamba likaja kifuani, nikashindwa kuinama. Sponji za viwiko zikaja kwenye mikunjo, mikono ikakataa kukunjika. Nikasimama uani mikono imenyooka. Konsolata akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Neema, unafaa kusimamishwa kwenye mahindi ufukuze ngedere."

Mtu mwingine angejua amevaa vibaya. Mimi fundi nikaona koti limeshonwa vibaya.

Nikachukua wembe. Nikafumua mifuko yote ya ndani, nikatoa gamba, nikatoa sponji zote nne. Kazi safi, huoni hata alama. Sponji moja ya kiwiko nikaiweka mezani iwe ya kuchomekea pini.

Konsolata akaniuliza, "Hivyo vitu waliviweka bure?"

Nikamjibu, "Wazungu wanapenda mbwembwe."

Nikavaa tena. Likanikaa kama nimezaliwa nalo.

Glavu nazo zilikuwa zile za nyuzi wanazovaa watu wa matofali. Nikazikata ncha za vidole nipate kushika bomba vizuri. Kofia ngumu peke yake niliivaa sawasawa, kwa sababu ukiigeuza huoni mbele. La sivyo ningeigeuza.

Siku ikafika. Watu walikuwa wengi, wengine wamepanda juu ya vichuguu ili waone. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo, hata siku ya harusi yangu, maana siku ile walikuwa wanamtazama Konsolata.

Tukaondoka wa pili. Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Nikajitupa nje, kitanda kikatulia, watu wakapiga kelele. Nasema ukweli, kwa sekunde kama kumi nilijiona nimepoteza miaka yangu yote barazani.

Kona ya pili ilikuwa ya kulia. Nikapanda nyuma ya shemeji, mkono wa kushoto kwenye bomba, wa kulia unaning'inia karibu na ardhi kama nilivyoona kwenye video. Barabara pale ina matuta madogo madogo ya mfululizo, yale yanayotetemesha meno. Mkono wa kushoto ukaachia.

Nikaangukia kiwiko cha kulia. Nikaburuzika kwenye changarawe, si mbali, kama kutoka barazani kwangu hadi chooni.

Maumivu siyakumbuki vizuri. Nakumbuka sauti. Nimechana vitambaa maisha yangu yote, kila kitambaa nakijua kwa sauti yake. Nikiwa bado naburuzika nilijua kinachochanika si ngozi ya koti. Ni kile kitambaa chepesi cha kuvutika.

Kitanda kikapinduka mbele kwa sababu jiwe la mizani lilikuwa limebaki nyuma. Shemeji akachubuka goti tu. Akaja anakimbia, analia.

"Shemeji, amka. Amka bwana, dada ataniua."

Hospitali muuguzi alichokonoa changarawe na nyuzi kwenye kidonda kwa muda mrefu. Daktari akaniambia mfupa wa kiwiko umevunjika, hilo litapona. Tatizo ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko. Ni ule ambao ukijigonga unasikia kama shoti ya umeme hadi kidole cha mwisho. Wangu umeharibika vibaya.

Nikamuuliza utarudi lini. Akasema, "Tusubiri tuone." Nilikuwa sijui kwamba daktari naye ana "wiki ijayo" yake, kama sisi mafundi.

Ni mwezi wa nane sasa tangu nianguke. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa. Kidole gumba hakina nguvu ya kubana hata karatasi. Mkasi nikiushika unaanguka. Nimejaribu mkono wa kushoto, nimekata suruali ya mtu mguu mmoja mfupi. Mwenyewe aliikunja akaondoka nayo.

Siku moja Konsolata aliliosha lile koti akaniletea. Nikalilaza mezani, safari hii likitazama linakotakiwa kutazama. Pale kiwiko kinapokaa ukilivaa sawa kuna ngozi mara mbili na ile mishono mitatu. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Siku ile ilikuwa imekaa kwenye mkunjo wa mkono wangu, inalinda hewa.

Nikachukua ile sponji ya mezani, na pini zake hivyo hivyo, nikairudisha kwenye mfuko wake. Ikakaa pale pale mfupa wangu ulipotokea.

Tangu siku hiyo nikiamka natamani kuendelea kulala, si kwa uvivu.

Shemeji simlaumu. Anakuja kila Jumapili, hakai muda mrefu, macho yake hayafiki kwenye mkono. Konsolata anakwenda shambani peke yake, akirudi anashona mishono iliyonyooka, kola na mikono bado hawezi. Hajaniambia hata mara moja kwamba aliniuliza. Angeniambia, labda ningepata nafuu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipanda chombo kama kile, dereva ana usukani na tangi mbele yake, abiria ana ngozi yake tu. Kwa hiyo abiria ndiye avae vizuri kuliko wote. Avae koti kama lilivyoshonwa, na glavu zenye vidole vyake vyote. Upepo wa zipu utakupa kikohozi, lakini haujawahi kumtoa mtu mfupa nje. Na kitu kigumu kikikusumbua ndani ya nguo, kabla hujashika wembe jiulize nani kati yenu amegeuka.

Ninaomba mchango wenu. Kama kuna aliyeumia mshipa huo na vidole vikarudi, aniambie vilirudi baada ya muda gani na alifanya nini. Mtu aliyesikia kwa mtu simtaki, namtaka mwenye vidole vyenyewe. Mwenye kucheka naye ruksa, nimeshasema.

Kilichonifanya niandike leo ni jirani yangu Mama Edina. Baada ya mimi kutoka hospitali aliniletea kitambaa cha sare ya binti yake, na kila wiki nimekuwa nikimwambia wiki ijayo. Si mtu mbaya, nilipolazwa yeye ndiye aliyempikia Neema.

Asubuhi amekuja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Hakukaa. Akautazama mkono, akakitoa kitambaa chini ya cherehani mwenyewe, akakikung'uta vumbi, akakibana kwapani na kusema:

"Baba Neema, kitambaa changu naondoka nacho. Huo mkono umekufa, na kijiji kizima ni wewe tu unayeusubiri."