Chafya ya Kompyuta ya Kanisa

Gari lilipunguza mwendo mbele ya lango langu, nami nikasimama. Nilikuwa nimeoga, nimevaa sweta ya Jumapili siku ya Jumatano, na chai ilikuwa jikoni imefunikwa isipoe. Vibuyu nilikuwa nimevipanga kwenye benchi, vimepakwa mafuta, shanga zinang'aa. Dereva akatoa kichwa dirishani. Nyuma yake kulikuwa na wazungu wawili waliochoshwa na barabara, mmoja ameshika karatasi.

"Mama, habari. Tunatafuta mahali pa vibuyu," akasema, kisha akataja jina la biashara yangu. Alilitamka vizuri kabisa.

"Ni hapa. Karibuni, mmefika."

Akageuka akaisoma ile karatasi. "Hapana, mama. Hapa wameandika nyumba ya geti la bluu, karibu na kanisa." Na hapo akamtaja shemeji yangu.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu aliyelelewa vizuri. Mkono wangu uliinuka wenyewe. "Panda juu, pita pale wanapopimia majani chai, ukiona kanisa kata kushoto." Mgeni akiuliza njia anaonyeshwa, ndivyo mama yangu alinifundisha. Dereva akasema asante, Mungu akubariki. Gari likapanda, na matope yakabaki kwa sweta yangu. Nikaingia jikoni nikainywa ile chai ya wageni peke yangu, birika nzima, mpaka tumbo likaniuma.

Jina la biashara yenyewe siliandiki hapa. Usidhani ni adabu. Ni kwamba ukiliandika kwa kompyuta linakupeleka kwa geti la bluu, na mimi nimeshaonyesha watu njia ya huko bure mara moja, inatosha. La shemeji pia siliandiki, lakini hapa Silibwet huhitaji kuuliza: mdogo wa marehemu mume wangu, karani wa kanisa, mwenye tai nyekundu anayoivaa hata akienda kukamua ng'ombe. Ni huyo.

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la nne, baba alipoona karo ni afadhali inunue ndama. Ndama alikufa. Mimi bado niko. Mume wangu naye alikufa, kifua, nami nikabaki nikichuna chai ya watu na mgongo umepinda kama mundu. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho hakuna aliyenipa kwa huruma: vibuyu. Mama yangu, huko Kiptere nilikozaliwa, alinifundisha kuchagua kibuyu kikiwa bado shambani, kukikausha pole pole, kutoa mbegu bila kukipasua, kukisugua ndani na mkaa wa mti wa senetwet mpaka maziwa yakikaa humo yatoke mursik, maziwa ya mgando, ya kumfanya mkwe anyamaze. Ngozi na shanga pia alishona yeye. Alikufa bila picha hata moja. Hata kipande, kile kitambulisho cha serikali, hakuwa nacho, kwa sababu siku ya kuandikisha alikuwa anasubiri kibuyu kikauke.

Siku moja nilitundika kibuyu kwa ua, na gari la watalii wanaoenda Mara likasimama. Walitaka kile kibuyu kuliko walivyotaka simba. Basi nikatundika kingine. Ndivyo biashara ilivyoanza, bila maombi na bila mkutano.

Kulikuwa na mama mmoja wa kizungu aliyenunua, akaenda kwao, na mwaka uliofuata akarudi. Akaongea sana, na dereva wake akanipa kwa kifupi.

"Anasema huko kwao watu wanavipenda, lakini hawajui watakupata wapi. Anasema uchukue anwani ya intaneti, ile inaisha na ke, wajue vimetoka Kenya kweli."

"Ke ni nini?"

"Ni Kenya, mama. Imekatwa."

"Imekatwa kwa nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Niko na wateja wanataka kuona fisi."

Miaka hiyo, kabla mvua ya El Niño haijatuosha, kompyuta niliyoijua ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwa ofisi ya kanisa, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha wageni. Mchungaji aliiogopa. Aliyeruhusiwa kuigusa ni karani, yaani shemeji. Nikamwendea nyumbani na kuku. Shemeji akasikiliza, akakaza tai.

"Inawezekana, shemeji. Unatafuta jina ambalo hakuna mwingine Kenya nzima amelichukua. Tunalituma Nairobi. Wakilikubali, limefungwa, hakuna wa kuligusa."

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa ameketi hapo mlangoni akichambua mboga. Aliposikia neno jina akainua uso.

"Jina haliokotwi. Jina linaitwa."

Kwetu mtoto akizaliwa, wamama wazee humzunguka wakaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, na ugoro kidogo puani. Mfu ambaye mtoto atapiga chafya akitajwa, huyo ndiye amerudi, na jina ni lake. Habishani mtu. Unaweza kubishana na mchungaji, na chifu, lakini chafya ni chafya.

"Mama," shemeji akasema, "hii ni mashine. Haina roho."

"Kwani mtoto akizaliwa nani ameiona roho yake? Tunangoja apige chafya."

Basi Kogo akaja ofisini na wenzake wawili, wote wamejifunga leso zao nzuri. Kwanza walishangaa kitambaa, nani amefuma vibaya hivyo. Kisha Kogo akatoa kile kikopo chake cha ugoro, akatafuta pua ya kompyuta. Akaona ule mwanya wa mbele, wa kuingizia sahani ya plastiki, akachota kidole kizima.

Shemeji aliruka. "Mama! Hiyo ni mali ya Bwana!"

"Bwana naye hana pua?"

Wakakubaliana ugoro ukae kando, na shemeji akae mbele ya mashine kama mama mzazi amshikaye mtoto. Akaketi. Mkono wa kulia ukawa juu ya kile kitu wanachokiita mausi. Nakumbuka kwa sababu niliona kucha yake ndefu ya kidole cha pili, na nikajiuliza, mtu wa kanisa anafuga kucha ya nini.

Nilikuwa nimemwomba Kogo jambo moja: amwite mama yangu. Si kawaida, mama si wa ukoo wao. Lakini Kogo alisema, "Vibuyu ni vyake. Tutaanza na yeye." Kwa hilo nilimpenda yule mama mpaka kufa kwake.

Akamwita mama yangu. Kimya. Akamwita tena, na mimi moyoni nikasema, mama, kuja, utaandikwa mahali dunia nzima ikuone, wewe ambaye hata kipande ulikosa. Mashine ikanikodolea tu. Wakaita shangazi mmoja aliyekuwa mchoyo wa maziwa. Kimya. "Hata huko bado anaficha," mmoja wa wale wazee akasema, tukacheka. Kisha wakaita nyanya ya shemeji, yule aliyemlea.

Ti-ti-ti-ti, kriiiii, shhhhh! Ile mashine ililia kama nguruwe aliyebanwa na mlango. Mmoja wa wale wamama alikimbia nje na kiatu kimoja. Mwenzake akapiga vigelegele. Kogo akapiga makofi. "Amekuja! Amepiga chafya!"

Shemeji akatabasamu. "Sasa nani atabishana?"

Mimi sikubishana. Nililia kidogo, nikafuta machozi. Nilijiambia pengine mama hapendi mashine. Jina likawa la nyanya yake, likaenda Nairobi na ke mwishoni, na baada ya muda shemeji akaja kuniambia, "Wamekubali. Jina ni letu." Nikaandaa wali.

Mwanzoni lilifanya kazi. Watu waliandika, shemeji akaleta karatasi, akanisomea, nami nikashona. Kisha karatasi zikakauka. "Intaneti imelala," akasema. "Mvua imeangusha nguzo." Niliamini, mvua ile iliangusha kila kitu. Nguzo zikasimamishwa, intaneti ikaendelea kulala. Mimi mjinga nilikuwa nikiiombea ipone. Kumbe yeye anaenda Kericho kununua vibuyu vya sokoni, havijaona mkaa, anavipaka rangi ya viatu. Ukiweka maziwa humo unatoa dawa ya kusafisha buti. Hata hao wawili wa ile Jumatano nilikuwa nimewangoja kwa sababu dereva mmoja wa Mara alinidokeza kuwa wanakuja kutafuta vibuyu vyangu. Shemeji hakuniambia hata neno.

Basi baada ya ile chai nilipanda mpaka geti la bluu. Wageni walikuwa wameshaenda. Shemeji alikuwa uani, na tai.

"Shemeji, hiyo jina ni ya nani?"

"Karibu kwanza, shemeji, ukae."

"Sikai. Hiyo jina ni ya nani?"

"Ni ya nyanya yangu. Alikuwa nyanya yako? Wewe umezaliwa Kiptere." Akashusha sauti kama anayeombea mgonjwa. "Mama yako aliitwa, shemeji. Mara mbili. Akanyamaza. Hata mashine ilijua mwenye mali ni nani."

Ningempiga na kibuyu, lakini chake kilikuwa kibovu, kingepasuka kabla hakijamuuma.

Nikateremka Bomet, posta, kibanda cha simu. Nilikuwa na namba ya wale wa Nairobi wanaoandikisha majina, iko kwa karatasi moja ya zamani. Msichana mwenye sauti nzuri akaniangalizia.

"Mama, jina limeandikishwa kwa huyo bwana. Yeye ndiye mwenye jina."

"Lakini biashara ni yangu."

"Anayekuja kwanza ndiye anayepewa, mama."

"Mlimuuliza nani?"

"Hatuulizi mtu. Tunaangalia tu kama liko wazi."

"Hamwiti?"

"Tunaita nani, mama?"

Simu ikameza shilingi yangu ya mwisho, ikakata.

Nikabaki na mchungaji. Nikamkuta ofisini, amepata ujasiri siku hizo, anajifunza kompyuta mwenyewe. Nikamweleza yote. Aliposikia karani ametajwa akaanza kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni mwake.

"Mama, mambo ya jamii mmalize nyumbani. Karani wetu ni mtumishi." Akageukia mashine kuonyesha kwamba ana kazi, akaweka mkono kwa mausi, akabonyeza.

Ti-ti-ti-ti, kriiiii, shhhhh!

Niliruka mpaka ukutani. Nikatazama huku na huku ni mfu gani ametajwa. Mchungaji akacheka sana, mara ya kwanza nilimwona anacheka bila sadaka.

"Usiogope, mama. Ni simu inashika laini. Hiyo hailii yenyewe, mpaka mtu abonyeze."

Nikamwambia arudie. Akabonyeza tena, akifurahi kama mtoto. Ikalia tena. Nikaikumbuka ile kucha.

Kogo nilimkuta anaota moto. Nilimwambia pole pole, nikidhani atanifukuza, maana ni mwanawe wa tumbo. Hakunifukuza. Alifungua kikopo chake, akakifunga bila kuvuta.

"Kwa hiyo alimfinya mtoto," akasema.

"Alimfinya, Kogo."

"Na mama yako hakukataa."

"Sijui."

"Hakupewa nafasi ya kukataa." Akatema mate motoni. "Muulize mbele za watu. Mtu kama huyo ukimuuliza pembeni anakuombea."

Kogo amekwenda sasa. Kwenye mazishi yake shemeji alisoma wasifu, akalia vizuri, na tai. Vibuyu bado natundika kwa ua, havina jina wala ke, na wanaosimama husimama kwa sababu wameviona kwa macho.

Wa Nairobi nawaambia hivi: mlimpa mtu mfu wetu kwa sababu alifika kwanza kwa mlango. Hata pale tunapopimia majani chai, karani huuliza haya ni ya nani. Mchungaji, wewe uliisikia mashine na masikio yako mawili, ukacheka, kisha ukanyamaza. Lakini nyinyi nitawangoja. Anayeanza ni shemeji.

Simama Jumapili, kabla ya sadaka, maana baada ya sadaka watu hutoka. Fungua hiyo tai upumue vizuri. Sitaki uniombee, na sitaki zaburi. Wale wamama wawili bado wako hai, wataketi mbele, na hata yule mmoja wao aliyekimbia atakuja na viatu vyote viwili. Nijibu wakisikia: mama yangu alipoitwa mara ya kwanza, na alipoitwa mara ya pili, kidole chako kilikuwa kinafanya nini?