Laurenti Aliyempunguzia Shemeji Yake Miaka

"Basi nenda wewe," Laurenti aliniambia, "kwa kuwa mdomo wako haujawahi kuchoka."

Nikamwambia siku ile si mdomo wangu uliokalia kiti cha baraza la wazee. Ulikuwa wake. Akasema na mimi nilicheka. Nikasema ndiyo, nilicheka, hata mbwa wa mtendaji alicheka, lakini mbwa hakuulizwa umri wa mtu. Laurenti akachokonoa moto wangu kwa kijiti, moto ambao haukuwa na shida yoyote, mpaka ukaanza kutoa moshi. Nikampokonya kile kijiti.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, jikoni kwangu, na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imekaa juu ya kijiji kama kuku juu ya mayai. Gari la kwenda Njombe lilikuwa halijapita. Siku hiyo madaktari wa macho walikuwa wanaanza kazi yao ya wiki moja hospitalini, na wifi yangu Eufrasia, ambaye ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hakuwa na kitambulisho cha wazee cha kutibiwa bure. Na sababu ya kutokuwa nacho ilikuwa imekaa mbele yangu juu ya kigoda, imevaa koti la marehemu.

Huyu Laurenti ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Kati yetu alikuwepo Ambrosi, mume wa Eufrasia, ambaye tulimzika. Sasa, mtu asiyemjua Laurenti atadhani namsema vibaya, kwa hiyo ngoja nimsimulie kidogo wakati chai inachemka.

Alizaliwa mwaka wa baridi kali, ile ambayo ulikuwa ukimwaga maji ya kuoshea vyombo yanafika chini yakilia kama vigae. Watoto wengine wakizaliwa hulia. Yeye alimtazama mkunga, akamtazama mama, akapiga chafya, na watu wote nyumbani wakacheka mpaka mkunga akasahau kumkata kitovu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza duniani, na hajapata nyingine iliyomfaa zaidi.

Alipokuwa kijana alikwenda Lupembe kwenye chai. Akawekwa kituoni, pale wakulima wanapoleta majani wayapime na kusubiri lori. Na lori la chai, tangu Mungu aliumbe, halijawahi kufika saa liliyoahidi. Kina mama walikuwa wakisimama na mizigo yao kwenye mvua, majani yanaanza kupata joto, na hasira nayo inapata joto. Hapo ndipo Laurenti alipokuwa anaanza. Atamwita mama mmoja kwenye mzani, aseme mama, jani lako ni zuri ila nimeona humu ndani kuna mkia wa mbuzi. Atamwambia mwingine, wewe shuka kwenye mzani kwanza, tumepima mpaka deni lako. Nasikia siku moja walicheka kiasi kwamba lori lilipofika walilikasirikia kwa kuwakatiza. Hilo mimi sikuliona, nilisimuliwa na Laurenti, kwa hiyo lipunguzeni nusu.

Lakini alilolifanya siku ya kumzika Ambrosi nililiona kwa macho yangu. Eufrasia alikuwa na siku ya pili hajala wala hajalia. Amekaa tu ukutani kama mtungi. Jeneza linafika makaburini, tunakuta kaburi lina mtu. Laurenti amelala ndani, amekunja mikono kifuani, anasema hatoki, ubaridi wa humu umempendeza, kaka yake akatafute pengine, labda shemeji yake amlipe. Huo ndio utani wetu, shemeji ana haki nao, na padri mwenyewe alisimama akangoja. Wakamwambia Eufrasia, mtani wako anadai. Eufrasia akaja mpaka ukingoni, akachungulia, akasema, "Laurenti, ukitoka humo nikulipe nini? Lichukue koti la kaka yako, unipishe mume wangu alale." Akacheka. Katikati ya kicheko kilio kikatoka, kikatoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Jioni ile akala ugali. Nasema hivi ili mjue: mdomo ule uliwahi kumtoa mtu kaburini.

Na mdomo ule ule ndio uliomzibia njia ya hospitali.

Ilikuwa hivi. Alikuja binti wa ustawi wa jamii kutoka Njombe, mpole, mzaliwa wa Lindi, amevaa makoti mawili. Alikuja kuhakiki wazee wa miaka sitini kwenda mbele wasio na uwezo, ili wapewe vitambulisho. Mwenye cheti cha kuzaliwa alionyesha cheti. Eufrasia hana. Cheti chake cha ubatizo kiliungua na nyumba ya nyasi, kwao ni mbali kule Lugarawa, na kitambulisho cha taifa anakisubiri kama Wayahudi wanavyomsubiri Masiha. Watu wa namna hiyo walisimama mbele ya baraza la wazee, baraza likaulizwa. Na baraza, kwa upande wa ukoo wetu, alikuwa Laurenti.

Mimi niliposimama, yule binti akamuuliza, huyu bibi unamfahamu tangu lini? Laurenti akasema, huyu ndiye aliyewapikia Wajerumani viazi walipopita hapa na bunduki zao. Watu wakacheka, binti naye akacheka, akasema babu, sema kweli. Laurenti akasema kweli. Yakaisha.

Kisha akasimama Eufrasia. Binti akauliza, treni ya kwanza ilipofika Makambako, huyu alikuwa mkubwa kiasi gani? Swali zuri, maana hakuna mtu wa huku asiyejua alikuwa wapi siku ile. Laurenti akasema, "Huyu? Honi ilipolia alimlowesha mama yake mgongoni."

Tulicheka mno. Tulicheka kwa sababu tulijua. Siku ile Eufrasia alikuwa na mwaka tu tangu aolewe, amekwenda kumtazama Ambrosi aliyekuwa kibarua kwa Wachina wa reli, na mgongoni amembeba mtoto wake wa kwanza, Stella. Honi ilipolia ni Stella aliyemlowesha Eufrasia, mpaka kanga ya harusi ikaharibika, na Laurenti, kijana wa kuchunga ng'ombe, alikuwa pembeni yao akaona yote. Amemtania kwa jambo hilo maisha yake yote. Safari hii alichofanya ni kugeuza tu, mama akawa mtoto na mtoto akawa mama.

Na Eufrasia? Mtani hapingwi mbele za watu. Ukimpinga umekasirika, na ukikasirika umeshindwa. Kwa hiyo akajibu kama inavyopasa, akasema, "Ni kweli, na yeye ndiye aliyefua."

Binti wa watu akaandika. Angejuaje? Kwake pale kulikuwa na mzee wa baraza aliyetoa ushahidi na mwenye jambo aliyekubali. Hakujua kwamba ni shemeji na shemeji. Sisi tulikuwa bado tunajipangusa machozi alipoita jina linalofuata.

Nimeishi na uongo miaka mingi, naujua tabia kuliko ninavyojua mbuzi wangu. Uongo mkubwa hauna madhara. Kila mtu anauona unakuja kwa mbali kama lori la chai, anakaa pembeni, unapita na vumbi lake. Uongo mdogo ndio wa kuogopa, unakuja kimya kama baiskeli isiyo na kengele. Wajerumani wangu walipita salama. Mtoto wa mgongoni akamgonga Eufrasia.

Vitambulisho vilipokuja, cha kwake hakikuwemo. Wakasema umri haujafika. Laurenti alikuwa amejiambia siku ile kwamba atamfuata binti akamwambie ni utani, kisha soda zikaletwa, kisha akamtania mwenyekiti, kisha gari likaondoka. Hayo aliniambia wiki nyingi baadaye, ameinamisha kichwa kama anayetafuta shilingi.

Tangu hapo amekuwa mtu wa ajabu. Anampasulia Eufrasia kuni hata ambazo ameshampasulia. Anamchotea maji mpaka ndoo zimekwisha, anajaza masufuria. Juzi kulikuwa na msiba kwa jirani yetu Germana, watani wakamngoja alale kwenye machela, akakaa kimya na wazee wenzake, mikono magotini. Mfiwa akauliza kama ni mgonjwa. Mimi nilitamani kusema ndiyo, anaumwa ulimi.

Na Eufrasia hapungui kuhangaika. Maharage anayachambua kwa vidole, jiwe likimponyoka analikuta jinoni. Aliwahi kuusalimia mti wa parachichi, kamwene, kamwene, akaulaumu kwa kutoitikia, kisha akajicheka mwenyewe. Lakini wiki iliyopita alishika figa lenye moto akidhani ni kibuyu. Kiganja kilibabuka chote. Siku hiyo Laurenti alitoka nje akakaa nyuma ya zizi mpaka ng'ombe wakamzoea.

Mimi ndipo nilipompigia simu yule binti. Sikumtungia hadithi, salio la simu halinivumilii. Nilimwambia kuna kosa. Akasema sawa bibi, lakini yule mzee wa baraza aje mwenyewe, aseme kwa kinywa chake, nitarekebisha siku hiyo hiyo. Nikamwambia Eufrasia ajiandae Jumatatu, sikumwambia zaidi, maana la kusema halikuwa langu. Na sasa Jumatatu ilikuwa imefika, na mwenye kinywa alikuwa anachokonoa moto wangu.

Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema yule binti akisikia alitania kwa mmoja, atauliza ametania kwa wangapi. Amewasemea wazee wengi, wote kwa haki, na wote wanaweza kuitwa upya, wapande magari na magoti yao mabovu. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nilimlea, najua mahali anapoficha vitu, nikangoja.

"Na yeye mwenyewe," akasema baadaye, sauti imeshuka.

"Yeye amefanya nini?"

"Dada, hajui kuwa ni mimi, hajui kuwa ule utani ndio ulioandikwa." Akavuta lile koti la Ambrosi likamfunika magoti. "Nimemkuta jana anahesabu kwa vidole. Ananiambia, Laurenti, labda kweli mimi ni mdogo. Labda mama alinihesabu vibaya. Ananiambia, wewe kumbukumbu yako ilikuwa nzuri tangu zamani."

Chai ikafurika, ikazima nusu ya moto, na hakuna aliyeinuka. Mimi nami nilikuwa nasikia kile kicheko changu cha siku ile. Nina kicheko kikubwa, watu husema kinasikika ng'ambo ya bonde. Kama ningekohoa tu badala ya kucheka, labda binti angeuliza tena.

Nikamwambia, haya, jaribu. Mimi ndiye binti, nimekaa mezani, sema. Akajikohoza. Akasema, "Mheshimiwa, siku ile nilikuja na mdomo wa kuazima." Nikamwambia hapana. Akaanza tena, akasema kwamba shemeji yake ana miaka mingi kiasi kwamba Nuhu alimwomba ushauri wa mbao. Nilitaka kucheka nikajiuma shavu. Nikamwambia Laurenti, ukitania tena kule, macho ya mwenzako yamekwisha. Akanitazama, akapangusa majivu kwenye mikono ya koti. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kulibeba neno likiwa tupu, bila kulivika kitu.

Huko barabarani gari likapiga honi, lile la kwanza, likapita. Bado lilikuwepo la pili.

Akasimama. Akavua kofia kana kwamba mezani kweli kuna mtu.

"Nilisema uongo," akasema. "Eufrasia alikuwa ameolewa treni ilipokuja. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, ni Stella, na Stella mwenyewe sasa ana wajukuu. Nilimpunguzia miaka ili watu wacheke. Ameungua mkono kwa sababu yangu."

Nilikuwa naanza kumwambia hapo, hapo hapo, usiongeze wala usipunguze, nikaona macho yake yamenipita begani yakatua mlangoni.

Eufrasia alikuwa amesimama kizingitini. Mkono mzima umeshika mwimo, ule wenye bendeji amekumbatia kikapu chake cha safari. Amejifunga kanga mbili na kitambaa cheupe cha Jumapili kichwani. Hatukusikia hodi. Sijui kama alipiga wala sijui alisimama pale tangu neno gani. Viatu vyake vile vyeusi vya kanisani alikuwa amevivaa, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, amevifunga kamba vizuri kabisa.

Kwa viatu hivyo Laurenti wa zamani angekula mwaka mzima. Nilimwona akivitazama. Mdomo ukafunguka, ukafungwa.

"Mmenyamaza nini," Eufrasia akasema, akigeuza uso upande wa moto. "Shemeji, upo humu? Nasikia harufu ya koti la mume wangu."

Laurenti akapiga magoti kwenye majivu, akaanza kumfungua kamba za viatu.